Bafwasende: panga la mkulima lisigeuzwe kuwa hatia barierini

Mtu anayetoka nyumbani kwenda kulala msituni, katika teritware ya Bafwasende, hubeba vitu vichache tu: chumvi, kiberiti, chakula cha siku mbili, turubai kama anayo, na chombo cha kukata. Bila chombo hicho hawezi kujenga kibanda, kukata kamba za msitu, kuchuna samaki wala kufungua njia iliyozibwa na mti ulioanguka. Lakini ni chombo hicho hicho kinachoweza kumletea taabu akikutana na watu wenye bunduki barabarani. Panga ambalo shambani ni jembe la pili, barierini linaweza kuitwa silaha.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini linagusa maisha ya watu wengi wa jimbo la Tshopo. Bafwasende iko zaidi ya kilometa 250 mashariki mwa Kisangani, kwenye barabara ya taifa nambari 4 inayoendelea hadi Nia-Nia na Mambasa. Nje ya barabara hiyo, safari nyingi ni za miguu. Wakulima, wavuvi wa mto Lindi, wachimbaji wa dhahabu, wauguzi wa chanjo, wachuuzi wanaosukuma baiskeli zenye mafuta ya mawese, wote hulala njiani. Wanahitaji chombo cha kukata, na wanahitaji pia kujua kwamba hakitawapeleka kizuizini.

Suluhisho lina pande mbili. Msafiri achague chombo kinacholingana na kazi yake na akibebe kwa heshima. Serikali nayo iandike kanuni fupi inayoeleweka, ili askari na raia wasome maneno yale yale. Upande mmoja ukikosekana, mwingine hautasaidia sana.

Kazi ndiyo ichague chombo

Wengi hubeba panga kwa mazoea, si kwa hitaji. Anayefuata njia iliyo wazi kati ya kijiji na kijiji, akalala usiku mmoja au miwili, mara nyingi anatosheka na kisu kidogo. Kisu chenye makali ya sentimita 8 hadi 10 hukata kamba, huchuna samaki, humenya muhogo na kukata majani mapana ya msituni, yale ambayo Wambuti huezekea vibanda vyao na akina mama hufungia liboke. Kuni za moto mdogo huvunjwa kwa mkono au kwa mguu, kwa sababu msitu una matawi makavu mengi.

Uzito nao una maana. Panga la kawaida lina karibu nusu kilo au zaidi. Kisu cha kukunja cha mpini wa mti, kama Opinel ya Ufaransa ya nambari 8 yenye makali ya sentimita 8.5, hakifiki gramu 60. Kwa mtu mwenye mzigo wa kilo 20 mgongoni, tofauti hiyo inasikika kabla jua halijafika katikati.

Hata hivyo kisu cha kukunja si dawa ya kila kitu. Katika unyevu wa msitu wa Tshopo, mpini wa mti huvimba na kisu hukataa kufunguka. Chuma cha kaboni, ambacho hunolewa kwa urahisi kwenye jiwe la mto, hushika kutu kwa usiku mmoja kisipofutwa na kupakwa mafuta. Chuma kisichoshika kutu huvumilia maji, lakini hutaka uvumilivu zaidi wakati wa kukinoa. Kwa mtu anayevuka mito na kunyeshewa kila siku, kisu kifupi kisichokunjwa, chenye ala yake, kinaaminika zaidi. Hakina bawaba ya kujaa matope, na kinaoshwa kwa urahisi baada ya kukata nyama au samaki. Mafundi wa kienyeji wanaofua visu kutoka resori za magari wanaweza kutengeneza kisu cha aina hiyo ambacho kitadumu miaka.

Panga linabaki kuwa chombo halali cha anayefanya kazi ya panga: anayekwenda kufyeka shamba jipya, kukata miti ya kibanda cha wiki tatu, au kufungua njia ambayo watu wameiacha kwa muda mrefu. Huyo asiambiwe abebe kisu cha mfukoni. Lakini hata yeye anaweza kuchagua panga fupi, na kulifunika. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi, gome la mti au kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba kinatosha. Panga lililo wazi juu ya pikipiki iliyobeba watu watatu, kwenye barabara yenye mashimo, ni hatari kwa anayelibeba kabla ya kuwa hatari kwa mwingine. Jeraha la kina, siku mbili kutoka kituo cha afya, linaweza kuleta pepopunda au kupoteza mkono.

Kuna vyombo ambavyo msafiri wa kawaida hana sababu ya kuvibeba: kisu cha bunduki ya kijeshi, au kisu chenye makali pande mbili kilichotengenezwa kwa kuchoma mtu. Havifyeki, havimenyi, havijengi. Anayevibeba anajitafutia maswali ambayo hatakuwa na majibu yake.

Hofu ina sababu

Askari anayelitazama panga kwa jicho la wasiwasi hajalizusha wasiwasi huo kichwani mwake. Tangu Oktoba 2014, raia wengi wa Beni, na baadaye wa Ituri, wameuawa kwa mapanga na mashoka katika mashambulizi ya waasi wa ADF. Mnamo Juni 2012, wapiganaji wa Mayi-Mayi Simba waliokuwa chini ya Morgan walishambulia Epulu, makao ya Hifadhi ya Okapi, wakaua watu na okapi waliokuwa wakitunzwa pale. Mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulimwaga damu Ubundu na hata Lubunga, mlangoni mwa jiji la Kisangani, na maelfu ya watu walikimbia makwao. Katika mambo kama haya, chombo cha shambani kimetumika kuua.

Historia ya Bafwasende inaongeza kivuli kingine. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliwahofia sana Anioto, watu-chui waliotajwa hasa miongoni mwa Wababali, walioua kwa visu na kucha za chuma. Hofu hiyo ilifika hadi Ubelgiji: sanamu ya mtu-chui iliyotengenezwa na Paul Wissaert mwaka 1913 ilisimama miaka mingi katika jumba la makumbusho la Tervuren, kama picha ya watu wa huku. Mauaji ya Anioto yalikuwa ya kweli. Lakini picha ile iliwafanya watu wengi wasiokuwa na hatia waonekane wote kuwa na chuma kilichofichwa chini ya ngozi ya chui.

Ndiyo hatari ya leo pia. Hofu ikishika nafasi ya sheria, kila mwenye panga anakuwa mshukiwa. Na kwa kuwa huku karibu kila mtu mzima ana panga, basi kila mtu ni mshukiwa, na barieri inakuwa mahali pa kukamua pesa badala ya kulinda usalama. Kikundi chenye silaha hakipiti mbele ya kamba ya barieri kikingoja zamu. Kinapita msituni. Anayesimama kwenye kamba ni mama anayetoka shambani na kijana anayekwenda karieri. Kuwanyang'anya hao vyombo vyao hakumzuii muuaji hata mmoja, bali kunaondoa chakula mezani.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inatoa msingi ulio wazi. Kifungu cha 17 kinasema mtu hawezi kushtakiwa, kukamatwa wala kufungwa ila kwa mujibu wa sheria na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kifungu cha 18 kinataka anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa, na kinaweka mpaka wa saa 48 kwa kushikiliwa na polisi kabla ya kuachiliwa au kukabidhiwa kwa mamlaka ya kimahakama yenye uwezo. Kifungu cha 30 kinalinda haki ya kutembea nchini kwa uhuru. Kwa upande mwingine, sheria ya makosa ya jinai inamwadhibu anayemtishia au kumjeruhi mwenzake, awe ametumia panga, jiwe au chupa. Yaani sheria inaangalia kwanza kitendo.

Mahali nako kunabadilisha mambo. Kusini mwa teritware kuna Mbuga ya Taifa ya Maiko, iliyoundwa mwaka 1970 na kugawanywa kati ya Tshopo, Maniema na Kivu ya Kaskazini. Ndani ya mbuga, kuwinda kumekatazwa, na kuingia kunahitaji ruhusa ya ICCN. Anayekutwa huko na panga, nyavu na waya za mitego hawezi kusema anatembea tu. Upande wa mashariki, anayevuka kwenda Nia-Nia ameingia Ituri, jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021 pamoja na Kivu ya Kaskazini. Panga lile lile, mtu yule yule, lakini mamlaka nyingine. Msafiri anapaswa kulijua hilo kabla ya kuondoka, si baada ya kusimamishwa.

Nchi nyingine zimejaribu kuondoa utata kwa kuandika vipimo. Uingereza, kwa sheria ya 1988, inamruhusu mtu kubeba hadharani, bila kueleza sababu, kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani karibu sentimita 7.6, mradi hakijifungi kikiwa wazi. Anayebeba kikubwa zaidi anapaswa kuwa na sababu nzuri, na kazi ni mojawapo ya sababu zinazokubaliwa. Kipimo cha London hakiwezi kuhamishiwa Opienge au Bafwabalinga, ambako panga ni chombo cha kila nyumba. Kinachofaa kuigwa ni mawazo mawili: kilicho kidogo kipite bila maswali, na kilicho kikubwa kipite kwa sababu inayoeleweka.

Kanuni fupi, iliyobandikwa

Mkuu wa teritware, polisi, jeshi, machifu na mashirika ya kiraia wanaweza kukaa pamoja na kuandika ukurasa mmoja. Useme kwamba kisu kidogo cha matumizi hakizuiliwi. Useme kwamba panga, shoka na jembe hupita mchana vikiwa vimefunikwa au kufungwa kwenye mzigo. Useme kwamba askari anaweza kuuliza mtu anatoka wapi, anakwenda wapi na kwa kazi gani, lakini hawezi kudai pesa kwa sababu ya chombo cha kazi. Na useme kwamba chombo kikichukuliwa kwa sababu ya kweli, mwenyewe apewe karatasi yenye jina la kituo na tarehe, ili aweze kukidai. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye kila barieri kwa Kiswahili na Lingala, si kwa Kifaransa peke yake.

Wapo watakaosema kwamba askari wasioheshimu Katiba hawataheshimu karatasi ya teritware. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo karatasi iliyobandikwa inampa raia kitu cha kuonyesha kwa kidole, inampa chifu kitu cha kukumbusha, na inampa kamanda mwema kipimo cha kuwaadhibu vijana wake wanaokosa. Leo anayelalamika huambiwa kwamba amekutwa na silaha, na mazungumzo yanaishia hapo.

Wengine watasema kwamba wakati wa mapigano mapanga yote yazuiliwe. Inawezekana kukawa na siku za namna hiyo, mahali fulani, kama damu inamwagika. Basi amri iandikwe, itaje mahali, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Amri isiyo na mwisho huzoeleka, na ikizoeleka hugeuka ushuru.

Raia naye ana deni lake. Asipite sokoni akipunga panga wazi. Asilibebe akiwa amelewa. Akifika kijiji asichokijua, ajitambulishe kwa chifu na aseme atalala wapi. Wakiwa kikundi, mapanga yakae ndani ya mizigo, kwa sababu vijana kumi wenye mapanga mikononi, jioni, wanatisha hata kama wanatoka kuvuna mpunga. Na kama kazi ya safari ni kukata kamba na kumenya muhogo, panga libaki nyumbani.

Usalama wa Bafwasende hautapatikana kwa kuhesabu mapanga ya wakulima. Utapatikana askari atakapojua kumtofautisha anayefyeka na anayeua, na mkulima atakapopita barierini na chombo chake kilichofunikwa, akaulizwa, akajibu, akaendelea na safari bila kutoa hata franka moja.