Jasho Tunalo, Mizani Je?

Mwandishi mmoja ametukumbusha wito wa Mwalimu Nyerere, Uhuru na Kazi, kisha akahitimisha kwamba vijana wa Mbeya na Iringa ni wavivu. Kasoma nusu. Azimio la Arusha la 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mbona kayaruka mawili ya mwisho? Hata Siasa ni Kilimo, azimio la chama cha TANU la kuhimiza kilimo, lilitoka hukohuko Iringa anakosema kuna wavivu, Mei 1972.

Aende Uyole, Mbeya, alfajiri, amtazame kijana akishindilia viazi hadi gunia linaota kilemba cha kamba. Lumbesa hiyo! Analipwa bei ya gunia moja tu. Sheria ya vipimo inakataza, msimamizi haonekani. Ndugu mwandishi, mahubiri ya kazi mpelekee msimamizi huyo.