Jimu ndogo mpakani: faida iko kwa mteja anayerudi

Katika miji ya mpakani kama Namanga, Busia na Tunduma, biashara nyingi ndogo zilikua kwa sababu moja: lori linasubiri. Dereva akikwama siku mbili atakula, atalala, atanunua vocha na atanyoa nywele. Mfanyabiashara anayefikiria kumuuzia dereva huyo mazoezi pia, kwa kufungua ukumbi mdogo au jimu kama wengi wanavyoiita, hana budi kufanya hesabu mapema.

Wazo lenyewe si baya. Dereva wa masafa marefu hukaa kitako saa nyingi, na Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Uhitaji upo. Swali ni nani atakayelipa, na atalipa kwa miezi mingapi.

Mteja anayepita

Kituo cha huduma za pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, cha Namanga Desemba mwaka huo huo, na cha Tunduma na Nakonde mwaka 2019. Chini ya utaratibu huo, lori hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande mmoja tu, ule linakoingia. Lengo ni kupunguza saa za kusubiri.

Kwa msafirishaji hiyo ni nafuu. Kwa aliyejenga biashara juu ya foleni ni hasara. Foleni bado hutokea, lakini haina ratiba, na kodi ya pango ina tarehe yake.

Kwa sababu hiyo, jimu ya mpakani inapaswa kwanza kuwalenga wanaolala mjini hapo: mawakala wa forodha na makarani wao, wenye maduka, wabadilisha fedha, walimu na watumishi wa serikali. Dereva awe mteja wa pili, anayelipa kila anapoingia.

Somo kutoka Marekani

Mwaka 2006 wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti kuhusu wanachama zaidi ya 7,000 wa kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani. Waliochagua kulipa kwa mwezi, zaidi ya dola 70, walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati kadi ya ziara kumi ingewapa ziara moja kwa dola 10.

Utafiti huo pia ulionyesha kwamba mwanachama aliyeacha kuhudhuria alichukua wastani wa miezi zaidi ya miwili kabla ya kujiondoa. Muda wote huo ada iliendelea kukatwa kwenye kadi au akaunti yake. Kwa maneno mengine, ukumbi unaweza kupata fedha kutoka kwa mtu asiyekuja.

Mtindo huo haufai Tunduma wala Busia. Hapa ada hulipwa taslimu au kwa simu, na hakuna kinachokatwa chenyewe. Kila mwisho wa mwezi mteja huamua upya kama atalipa. Aliyekosa kuja wiki mbili huenda tayari ameondoka, ingawa jina lake bado liko kwenye daftari.

Hesabu ya kalamu na karatasi

Tuchukue mfano wa jimu yenye gharama ya shilingi 1,500,000 za Tanzania kwa mwezi: pango 500,000, walimu wawili 600,000, na umeme, maji, usafi na matengenezo 400,000. Ada ikiwa 30,000, wanahitajika wanachama 50 ili gharama zirudi.

Wakiondoka 10 kila mwezi, mwanachama mmoja atakaa wastani wa miezi mitano na kuacha 150,000. Mwenye jimu atalazimika kutafuta watu wapya 120 kwa mwaka, katika mji mdogo ambao wengi wanafahamiana. Wakiondoka 5 tu, kila mmoja atakaa wastani wa miezi kumi na kuacha 300,000, na watu wapya watakaohitajika ni 60.

Kama kumpata mtu mmoja mpya kunagharimu 40,000 kwa matangazo na siku za bure, tofauti hiyo ni 200,000 kwa mwezi, au 2,400,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazionekani kwenye risiti yoyote, lakini zimepotea.

Kumvuta na kumshika

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mji mdogo, tangazo kubwa kuliko bango ni mwanachama aliyepungua tumbo na kuulizwa na wenzake sokoni. Kumpa punguzo anayeleta rafiki, punguzo litolewe rafiki anapolipa mwezi wa pili, ni matumizi bora kuliko kulipia redio kila wiki.

Mfanyabiashara anayekwenda Kampala au Lubumbashi kila mwezi hapendi kulipia siku asizokuwepo. Huyo auziwe kadi ya ziara kumi, itumike ndani ya miezi mitatu. Daftari la mahudhurio lisomwe kila Jumatatu, na ambaye hakuonekana wiki nzima apigiwe simu na mwalimu anayemfahamu kwa jina.

Saa za wanawake peke yao huleta wateja ambao vinginevyo wasingeingia. Mwezi wa Ramadhani ratiba isogezwe baada ya futari. Kampeni ya Januari, iliyozoeleka Ulaya na Marekani, ifikiriwe mara mbili: kwa wazazi wengi wa Kenya na Tanzania huo ni mwezi wa ada za shule.

Kabla ya kulipia kontena

Wengi huanza na mashine. Mashine za umeme zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 110 hadi 120, wakati umeme wa Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Bei rahisi ya mtumba inaweza kumezwa na transfoma na matengenezo. Vifaa vya mazoezi viko chini ya namba ya ushuru 9506.91, na wakala wa forodha aulizwe kiwango chake kabla ya fedha kutumwa, si baada ya meli kutia nanga.

Vyuma vya kunyanyua, mabenchi na vyuma vya kuning'inia vinaweza kuchomelewa na mafundi wa hapo hapo. Vikiharibika, fundi yuko jirani.

Njia yenye hatari ndogo ni kuanza na chumba, mwalimu mmoja mzuri, vyuma vya fundi na watu 20. Baada ya miezi mitatu wahesabiwe waliolipa mara ya tatu. Wakiwa 15 au zaidi, mashine ziagizwe. Wakiwa watano, tatizo si uhaba wa mashine, na kontena halitalitatua.