Posho ya Wote Hulindwa kwa Mfuko, si kwa Ahadi

Kipato cha msingi kwa wote ni fedha ambazo serikali humpa kila raia, tajiri kwa maskini, bila sharti. Wapo wanaodhani kwamba kikishaanza hakiondoleki, kwani hakuna mtawala atakayethubutu kuwanyima watu wote kwa mkupuo. Yaliyotokea duniani yanaonyesha kuwa huondolewa, tena kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kukifuta waziwazi. Mongolia iliwagawia raia wake fedha za madini, na mwaka 2011 kila mmoja alipata tugrik 21,000 kwa mwezi. Mapato hayakutosha, deni likaingia, na mwaka 2012 mgao ukakoma. Ya pili ni kukipunguza. Mwaka 2016 gavana wa jimbo la Alaska, Marekani, Bill Walker, alikata mgao wa kila mwaka wa fedha za mafuta karibu nusu, ukabaki dola 1,022. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikakubali kuwa alikuwa na uwezo huo. Ya tatu haina kelele, nayo ndiyo ya kuogopwa: kukiacha kichakae. Iran ilianza mwaka 2010 kumpa kila mtu rial 455,000 kwa mwezi, kama dola 45. Kiasi hicho hakikuongezwa kwa zaidi ya miaka 10; kufikia 2020 hakikununua hata dola 5.

Njia hii ya tatu haiishii kwenye fedha: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina funzo lake katika elimu ya msingi bila malipo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 iliitamka, lakini utekelezaji wa nchi nzima ulianza Septemba 2019, baada ya wazazi kuwalipa walimu kwa miaka mingi. Sheria haijaifuta. Hata hivyo, darasa likifurika, mwalimu akikosa mshahara, na mtoto akitumwa nyumbani kuleta faranga za chaki, ada imerudi kwa jina jingine.

Ahadi ya posho inaweza kufika huko pia: mkoa wa Maniema nchini humo una dhahabu na kasiteriti, na mgombea anaweza kuvuka mto Lualaba mjini Kindu siku yoyote kuwaahidi watu wa Alunguli posho ya kila mwezi. Kabla ya vigelegele, yapasa aulizwe fedha zitatoka mfuko gani, nani atakagua hesabu, na kiasi kitapandaje bei zikipanda. Faranga zinazomvusha mtu wa Alunguli kwa mtumbwi hadi Kasuku, ng'ambo ya mto, leo, kesho nauli ikipanda zitamwacha ukingoni, ilhali daftari la serikali bado linaonyesha kuwa amelipwa.