Watafiti, msikilizeni mtoto akisoma

Asubuhi nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanga. Baada ya alasiri nafundisha chuoni, yaani madrasa, kwenye baraza la msikiti wa mtaani kwetu, na watoto wengi ni walewale. Nawaona wakihangaika na hati mbili kwa siku moja, ya Kilatini na ya Kiarabu. Yupo mmoja ambaye shuleni tumemweka kundi la wasiojua kusoma, lakini chuoni ameshavuka Juzuu Amma na anasoma msahafu kwa kufuatisha herufi. Nimemjaribu: nikimfungulia sura asiyoizoea, anaendelea, polepole lakini sawasawa. Yupo na mwingine anayesoma Yasini yote kwa moyo bila kukosea, ila ukimwekea kidole katikati ya aya ukamwambia aanzie hapo, ananyamaza.

Hapa pana kazi ya utafiti ya kumtosha mtu hadi shahada ya uzamivu. Kwa nini ujuzi wa yule wa kwanza hauvuki kuja kwenye ba, be, bi, bo, bu? Je, alama za irabu za Kiarabu, fataha, kasra na dhuma, zinamsaidia mtoto kuzishika a, i na u, kisha zinamkwaza akifika kwenye e na o? Na yule wa pili, kumbukumbu yake kubwa namna ile tuitumieje ili ajue kusoma? Mimi nina macho na uzoefu, lakini sina kipimo, na mwalimu mwenzangu anayeona kinyume changu hana kipimo pia.

Watafiti wanakuja, sikatai. Wa karibuni alikuwa kijana mwenye adabu. Akaketi nami barazani, akaniita Maalim, akatoa dodoso lake. Nani anawalipa? Vitabu vinatoka nchi gani? Aliyeanzisha chuo alisomea wapi? Mnawaambia nini watoto kuhusu wasio Waislamu? Nikamjibu yote, maana hatuna cha kuficha: wazazi wanatoa wanachojaliwa, na misahafu tumenunua kwa sadaka. Muda wote huo watoto walikuwa wakisoma kwa sauti pembeni yetu. Hakuuliza lolote kuhusu walichokuwa wakisoma wala jinsi walivyofundishwa.

Najua dodoso lile lilikotoka. Tangu mabomu ya Agosti 7, 1998 kule Nairobi na Dar es Salaam, na zaidi baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, utafiti mwingi kuhusu madrasa umesukumwa na hofu ya usalama. Wenye dhamana ya usalama wana haki ya kuuliza yao. Lakini mwanafunzi wa elimu anayekuja na maswali yao ameiacha fani yake nyumbani, na sisi tunabaki na matatizo yetu ya kufundisha.

Mifano mizuri ipo. Mjerumani Roman Loimeier alitoa mwaka 2009 kitabu kikubwa kuhusu siasa za elimu ya Kiislamu Zanzibar katika karne ya 20, chenye walimu na mitaala ndani yake. Unaonipendeza zaidi ni utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa mwaka 2008. Wao walichunguza shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, zikaongozwa na Bi Swafiya Said, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda. Walipima watoto wenyewe. Waliosoma shule za awali waliwapita waliobaki nyumbani, na wa madrasa hizo wakafanya vizuri zaidi ya wenzao wa shule nyingine za awali. Mwalimu akisikia hivyo anajua la kufanya.

Lakini hao ni wadogo wa awali. Mtoto wa miaka minane au kumi anayekaa chuoni jioni hana aliyempima. Wapimaji wa mpango wa Uwezo wakipita majumbani wanapima Kiswahili, Kiingereza na hesabu, msahafu haumo.

Wapo masheikh watakaosema Qur'ani haipimwi kwa dodoso, kuisoma ni ibada. Nawaheshimu, na nawakumbusha kwamba kila ustadhi humsikiliza mtoto kabla ya kumruhusu kuingia sura nyingine. Kupima tunapima kila siku. Wala kutaja udhaifu wetu si kuidharau dini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, aliwaambia Waislamu wazi kuhusu udhaifu wao katika elimu, na alikuwa alimu kamili.

Ombi langu nalipeleka kwa vyuo vikuu vyetu wenyewe: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanza 2005, Zanzibar University pale Tunguu, Sumait pale Chukwani, na ndugu zetu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, Mbale, walioanza tangu 1988. Mnafundisha walimu. Watumeni wanafunzi wenu wakae chuoni muhula mzima, wampime mtoto yuleyule kwa hati zote mbili, kisha warudi barazani watusomee matokeo kwa Kiswahili kabla tasnifu haijaenda maktaba. Chuo chetu kinasoma Jumamosi hadi Jumatano, baada ya swala ya alasiri. Wazazi nimeshawauliza, wameridhia.