Injini Ikinoki, Turbo Ingoje

Wasee wa Subaru mtanikasirikia leo, lakini wacha niseme. Injini ikinoki na mfuko ni mwembamba, pesa ya kwanza yote iingie ndani ya bloku. Ile turbo kubwa unayoiota itangoja.

Chukua Forester SG5, kwa sababu ndiyo naulizwa kila siku. Injini ni EJ205, lita mbili, turbo. Oili ikishuka bila mtu kuangalia, beringi ya konrodi inakosa utelezi, inalika, inaanza kugonga. Kama konrodi imetoboa bloku, tafuta bloku nyingine. Kama ulizima mapema, bado una kitu cha kujenga.

Hapo ndipo kila mtu anakuwa fundi. Wa kwanza atakwambia, "Buda, nunua injini ya Japani, kesho kutwa uko barabarani." Ni rahisi kweli, sikatai. Lakini piga hesabu. SG5 zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hivyo hiyo injini unayoonyeshwa Kirinyaga Road, hata ikiwa imeoshwa ikang'aa, ina umri wa kijana wa kidato cha nne na zaidi, na hakuna anayejua oili yake ilibadilishwa lini. Kama unataka tu kwenda kazini na kurudi, sawa, bahatisha. Lakini wewe unasema mwakani utaongeza nguvu. Utaiongeza juu ya nini?

Mimi naamua hivi: kile usichoweza kukifikia bila kushusha injini, kifanye sasa. Turbo, intakula, ekzosi na kupanga upya kompyuta ni vitu vya nje. Hata mwaka ujao utavifunga bila kugusa krank. Pistoni je? Bloku ya EJ inapasuliwa nusu mbili kama mkate. Ukirudi kwa pistoni baadaye, unalipa fundi mara mbili, gasketi mara mbili, na gari inakaa gereji tena. Pistoni za kiwandani ni za alumini ya kumimina, na hazipendi presha kubwa. Kama una pesa ya ziada ya kitu kimoja tu, weka pistoni za kufuliwa. Kama huna, rudisha za kawaida na upunguze ndoto. Mkopo wa simu usiingie hapa, tafadhali.

Krank ipelekwe kwa mashini, ipimwe na maikromita. Nafasi kati ya beringi na krank ni nyembamba kuliko unywele wako. Fundi anayepima kwa kidole, akikwambia "iko fiti", chukua krank yako uende.

Kitu kinachoniuma zaidi ni vile vipande vya chuma. Beringi ikisagika, unga wake unazunguka na oili kila mahali: kwa kipoza oili, kwa pampu, mpaka ndani ya turbo. Watu wanamwagia petroli, wanapuliza hewa, wanafunga. Halafu wiki tatu baadaye beringi mpya imekufa na wanasema Subaru ni mbaya. Kipoza oili cha zamani tupa. Weka pampu mpya ya oili, na ule mrija unaonyonya oili chini ya sampu pia, kwa sababu kwa EJ unajulikana kwa kupasuka, na ukipasuka pampu inanyonya hewa. Taimingi belti, pampu ya maji na themostati usiniulize, weka mpya.

Tuseme ukweli, sisi wa video tunachangia hii shida. Beringi mpya haina sauti. Turbo ina mluzi, na mluzi ndio unaleta watazamaji. Kijana wa miaka ishirini na mbili anatazama, anachukua akiba yake yote, ananunua mluzi na kuufunga kwa injini iliyochoka. Na hakuna anayeposti akiivuta kwa kamba.

Gari ikiwaka, iendeshe taratibu kwa presha ya kiwandani. Kilomita 500 za kwanza zikiisha, mwaga oili, kata filta na msumeno, ufungue ile karatasi ya ndani juani. Ukiona inameremeta, zima gari hapo hapo. Usijaribu hata kufika Limuru.