Hakuna Aliyezaliwa Beki

Kuna maneno matatu yanayoua vipaji Musoma kuliko ubovu wa viwanja: "Siyo namba yake." Utayasikia Uwanja wa Karume, utayasikia kwenye mechi za mchangani Nyasho na Bweri, utayasikia kwenye vibanda umiza vya Mukendo siku ambazo Simba au Yanga wanacheza. Kocha amempeleka winga akacheze beki wa pembeni, au amemsogeza kiungo mkabaji karibu na lango la wapinzani. Mpira wa kwanza unamponyoka. Basi, kila mtu kibandani anakuwa kocha: "Anamuua mtoto wa watu! Mrudishe namba yake!"

Imani iliyo nyuma ya kelele hizo ni kwamba mchezaji huja duniani na namba yake, na kwamba kumhamisha ni kumdhulumu au kumkomoa. Ni imani ya uongo, na sisi wa Mara inatugharimu kuliko wengine.

Hiyo namba alipewa na nani? Nenda viwanja vya Mukendo jioni, watoto wakishatoka shule. Kocha wao mara nyingi ni kijana wa kujitolea mwenye filimbi na mpira mmoja, na mbele yake kuna kundi la watoto wanaotaka kucheza sasa hivi. Hana muda wa kumsoma mmoja mmoja, kwa hiyo anaangalia miili. Mrefu anakuwa beki wa kati. Mzito anakaa golini. Mdogo mwenye mbio anapelekwa pembeni. Anayepiga kwa mguu wa kushoto anapewa namba tatu au kumi na moja papo hapo, kwa kuwa wa kushoto ni adimu. Na mwenye mpira, kama kawaida, ni namba tisa.

Mgawanyo huo huchukua dakika chache, na simlaumu yule kijana, kwani lazima mechi ianze. Ninaowalaumu ni wote wanaokuja baada yake. Mtoto akifika UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, anaandikwa vilevile alivyopangwa siku ile. Akifika UMISSETA, ile ya sekondari, vilevile. Akienda kwenye majaribio Mwanza au Dar es Salaam, swali la kwanza ni "unacheza namba ngapi?" naye anajibu ile aliyopewa kwa sababu alikuwa amewahi kurefuka akiwa darasa la sita. Kufika kidato cha tatu wenzake wameshamfikia, wengine wamempita. Sasa ni beki wa kati wa kimo cha kawaida, mwenye pasi nzuri ambayo hakuna aliyewahi kuihitaji kwake. Anarudishwa nyumbani na watu wanasema kiwango chake ni kidogo. Hakuna anayejiuliza kama tatizo ni pale aliposimamishwa.

Sisi wa Mara tuna mzigo wa ziada. Tunasifika kwa ubabe, na timu yetu kubwa, Biashara United, tumeipa jina la Wanajeshi wa Mpakani. Jina tamu, silikatai. Lakini sifa hiyo inawafuata vijana wetu wakitoka nje ya mkoa. Kijana wa Tarime, Bunda au Butiama mwenye mabega akionekana tu, anakabidhiwa kazi ya kukaba na kupiga mipira mbele. Nguvu ikishaonekana, hakuna anayehangaika kutazama kama ana jicho la pasi.

Sasa tumtazame Feisal Salum, Fei Toto, kwa kuwa hakuna shabiki nchini asiyemjua. Alipotua Yanga mwaka 2018 akitokea JKU ya Zanzibar, alikuwa kiungo wa kati anayecheza chini: anakaba, anachukua mpira kwa mabeki, anausogeza. Aliifanya kazi hiyo vizuri, na hapo ndipo penye mtego, maana mchezaji anayefanya vizuri alipo ndiye ambaye hakuna anayethubutu kumgusa. Kocha Nasreddine Nabi alipokuja mwaka 2021 akamsogeza mbele, nyuma ya mshambuliaji. Shuti lile la mbali ambalo zamani alilipata mara moja moja sasa akawa analipata kila mechi, na mbio zile za kuingia kwenye boksi kwa kuchelewa zikawa silaha. Yanga ilichukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Feisal akahamia Azam, na msimu wa 2023/24 akafunga mabao 19 ya Ligi Kuu, akizidiwa na Aziz Ki wa Yanga peke yake, aliyefunga 21. Kama Yanga ingeendeshwa na kibanda umiza, mtu huyo hadi leo angekuwa anapiga pasi za mita tano mbele ya mabeki wake, nasi tungemsifu kwa nidhamu.

Utaniambia kusogezwa mbele ni kupandishwa cheo, ugomvi wako ni wa kurudishwa nyuma. Haya, twende nyuma. Farid Mussa alikuwa winga, akacheza Tenerife ya Hispania, aliporudi nyumbani na kujiunga na Yanga akajikuta anatumika pia kama beki wa kushoto. Na si nyuma tu, hata upande: Kibwana Shomari, beki wa kulia, alicheza kushoto kwa muda mrefu chini ya Nabi. Wote wawili walinung'unikiwa na watu waliokuwa wanatazama mpira, si mchezaji.

Mtazame mchezaji mwenyewe. Winga anapopokea mpira, mara nyingi ana beki mgongoni, ana mstari ubavuni, na nafasi aliyonayo ni ya hatua mbili. Mrudishe beki wa pembeni na uwanja wote unakuwa mbele ya macho yake. Ana muda wa kuinua kichwa, na akipanda, anapanda na kasi aliyoianza mbali badala ya kuanzia kusimama. Zaidi ya hapo, anazijua hila za winga mwenzake kwa kuwa ni zake: anajua bega likishuka hivi, mpira unakwenda kule. Anachokosa ni vitu viwili. Cha kwanza ni subira, maana winga amezoea kuuwahi mpira, na beki anayeuwahi kila mpira hupitwa kila mpira. Cha pili ni nyuma ya shingo yake: krosi ikitoka upande wa pili, anautazama mpira na kumsahau mtu anayemjia mgongoni kwenye nguzo ya mbali. Vyote viwili vinafundishika, na mazoezi yake hayahitaji kifaa chochote ambacho Mukendo haina.

Dunia nayo imeshaujibu mjadala huu. Mashabiki wa Arsenal wamejaa mji huu, na nashangaa wanavyosahau historia yao wenyewe. Thierry Henry alifika kwao mwaka 1999 kama winga, kocha Arsène Wenger akamfanya mshambuliaji. Lauren wa Cameroon alikuwa kiungo, akageuzwa beki wa kulia. Kolo Touré wa Ivory Coast alihangaishwa namba kadhaa kabla ya kukaa beki wa kati. Wote watatu walikuwamo kwenye kikosi kilichomaliza ligi ya 2003/04 bila kufungwa.

Hata Wamarekani, ambao mpira wao wa mikono (American football) tunauona wa ajabu, wana funzo. Kule kila nafasi ina mwili wake na kocha wake, kwa hiyo kumhamisha mtu ni jambo zito kuliko kwetu. Devin Funchess wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa na kimo kinachokaribia mita mbili, akapangwa ile nafasi ya kusimama kando ya ukuta wa majitu: kazi nusu ni kusukumana, nusu ni kudaka. Akawa anadaka vizuri kuliko anavyosukumana. Baadaye chuo kikamhamishia pembeni kabisa, akacheza kama mdakaji wa kukimbia. Mwaka 2015 akachukuliwa na Carolina Panthers kama mdakaji wa pembeni. Mwili wake ulisema kimoja na mikono yake ikasema kingine, na walioamua wakaisikiliza mikono.

Wenye imani ile wana hoja moja nzito, na siikwepi. Wanasema mchezaji kiraka huliwa na ukiraka wake: leo beki, kesho kiungo, keshokutwa winga, mwisho hana namba, na siku ya kusajili hakuna anayejua amnunue kwa kazi gani. Ni kweli, hutokea. Ila hapo hakuhamishwa, alizungushwa. Kumhamisha mchezaji ni kuona kitu alicho nacho, kumwambia kwa nini anahama, kumfundisha, kisha kumwachia mechi za kutosha ili akosee na ajirekebishe. Kumzungusha ni kuziba pengo la Jumapili kwa mtu wa kwanza anayekubali. Ukichanganya hayo mawili utamtukana kocha mwenye macho na kumsamehe kocha mvivu.

Na hata huo ukiraka tusiuchafue kupita kiasi. Erasto Nyoni amecheza beki wa pembeni, beki wa kati na kiungo. Ndiye aliyefunga bao pekee Taifa Stars ilipoifunga Burkina Faso Ouagadougou mwezi Juni 2007, na miaka 12 baadaye bado alikuwa kwenye kikosi kilichokwenda AFCON ya Misri. Wangapi kati ya wale waliong'ang'ania namba moja walidumu hivyo?

Kwetu hapa jambo hili si la kupamba gazeti. Biashara United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, ikamaliza ya nne msimu wa 2020/21, na Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, kisha ikashindwa hata kusafiri kwenda kurudiana. Mwaka 2022 ikashuka. Wachezaji wakichomoza, kama winga Denis Nkane, huchukuliwa na wakubwa wa Dar. Klabu ya namna hiyo haiwezi kununua beki wa kushoto kila dirisha la usajili. Usajili wa bei nafuu kuliko wote ni ule wa kugundua kwamba beki wa kushoto unaye tayari, ila umempanga namba kumi na moja. Wenye fedha wanaweza kuamini kwamba namba ni ya kuzaliwa. Sisi hatuna uwezo wa kuigharamia imani hiyo.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, mtoto wa chini ya miaka 15 asifungiwe namba. Kwenye mashindano ya shule na ya mitaani acheze mbele, acheze nyuma, acheze pembeni, na mwalimu aandike alichokiona, siyo kimo chake. Pili, kocha anayemhamisha mchezaji mkubwa amweleze sababu mbele ya wenzake, ampe mechi kadhaa mfululizo, na asimtoe kwa kosa la kwanza ili kuwafurahisha watu wa jukwaani.

Nasi watu wa jukwaani tuna zamu yetu. Jumapili hii, kijana akipotea kwenye namba mpya, kabla ya kupaza sauti kwamba arudishwe alikotoka, muulize kocha wake amemfundisha nini tangu Jumatatu. Akiwa na jibu, nyamaza na umpe kijana mwezi mzima. Akikosa jibu, zomea kadiri unavyotaka, ila umzomee yeye.