Fremu Imekataliwa, Leseni Imetolewa

BARAZANI
Na Kulwa Masunga

Tembea Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, kuanzia Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma mpaka kule mitumbani, utafute nyumba ya barabarani ambayo sebule yake bado ni sebule. Dirisha la mbele limeng'olewa, limewekwa geti la chuma. Alipokuwa analala baba mwenye nyumba sasa wanauza vipodozi, wanasuka nywele au wanatoa pesa kwenye simu, na familia imesogea vyumba vya uani. Fremu ndicho kiinua mgongo cha mji huu. Hata hela ya machimbo ya Kahama na Geita, ile inayobahatika kufika nyumbani kabla haijaishia Katoro, mara nyingi hutua kwenye tofali na geti la chuma.

Katika haya yote, anayepata taabu kuliko wote ni mtu aliyeamua kufuata utaratibu.

Chukua mwalimu mstaafu, mama mwenye hati inayosema MAKAZI. Anachoresha ramani, anapeleka maombi, analipa ada, anasubiri. Jibu linakuja: ombi limekataliwa. Anakwenda kumuona afisa mipango miji, kijana mstaarabu tu, ambaye hakuitunga yeye hiyo sheria.

“Mama, mchoro wa eneo lako ni makazi. Biashara haimo.”

“Sasa mwanangu, na yale maduka ya jirani yangu?”

“Yule hakuomba kibali, mama.”

Jirani hana barua ya kukataliwa kwa sababu hakuandika barua ya kuomba. Alivunja ukuta Ijumaa jioni, Jumatatu ofisi zinafunguliwa rangi imeshakauka. Wala asidhani mtu kwamba serikali haimjui. Mpangaji wake amekata leseni ya biashara, na leseni hiyo, kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 na taratibu zake, haipatikani bila kuonyesha biashara iko wapi. Mpangaji huyo huyo anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi anayomlipa mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Kwenye LUKU kodi ya jengo inakatwa kila mwezi, shilingi 1,000 ilipoanza mwaka 2021 na 1,500 tangu 2023. Halmashauri ile ile, korido moja: mlango huu unakwambia biashara hapa marufuku, mlango wa pili unakukatia risiti ya biashara hapo hapo. Naandika kuhusu halmashauri zetu kwa ujumla, maana hadithi hii utaikuta Kahama, Geita, Mwanza na popote penye barabara na watu.

Lakini nisieleweke kwamba kila anayekataliwa ameonewa. Machi 2013 jengo la ghorofa zaidi ya 10 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, la ghorofa nne, na habari za siku zile zilizungumzia uchimbaji wa chini kwa chini wa kuongeza nafasi ya maduka. Watu zaidi ya 20 walikufa wakiwa kazini au wakinunua mahitaji. Fremu zetu ni za chini, kweli, ila fundi akikuhakikishia kwamba ukuta huo “hauna kazi”, muulize linta inalala juu ya nini, kisha umtazame usoni. Halafu kuna choo. Nyumba ya watu 6 ikigeuka maduka manne na saluni, shimo la maji taka ni lile lile la mwaka ule, na mvua za Machi ndizo zitakazotoa ripoti. Na mtu anayeomba kuweka mashine ya kusaga ukutani kwa jirani mwenye kichanga, mimi binafsi ningemkatalia kabla hajamaliza kusalimia.

Kwa hiyo ukishapata barua, jambo la kwanza ni kujua umekataliwa nini. Wengi hawajui kwamba haya ni maombi mawili. Kuna kibali cha ujenzi, kinachotazama ramani: uimara, umbali kutoka barabarani, sehemu ya kiwanja inayofunikwa na jengo, maji taka. Na kuna kubadili matumizi ya ardhi, kutoka makazi kwenda makazi na biashara, ambako majirani na serikali ya mtaa wana la kusema, na ukikubaliwa unarudisha hati ya zamani, unapewa mpya na pango la ardhi linapanda. Ramani ikiwa ndiyo kosa, mchoraji anarekebisha, unarudisha. Matumizi yakiwa ndiyo kosa, hata ukiajiri mchoraji wa ikulu hutapata kibali. Nimeona watu wakilipia ramani ya pili na ya tatu kwa tatizo ambalo halikuwamo kwenye ramani.

Barua isiposema sababu, iombe kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Maelezo ya mdomo ya koridoni hayakatiwi rufaa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Majirani zetu Kenya wameifanya haki hiyo iwe na kalenda: sheria yao ya mipango ya mwaka 2019 inampa aliyekataliwa siku 14 kupeleka rufaa kwenye kamati maalumu ya kaunti, na kamati nayo siku 14 kuamua. Zaidi ya hapo, mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, anahesabiwa amekubaliwa. Sisemi Nairobi imenyooka, aliyewahi kupita Eastleigh anajua. Ila siku zikiandikwa kwenye sheria, faili haliwezi kulala droo moja mpaka mwenye nyumba akate tamaa na kumpigia fundi simu Ijumaa jioni.

Fundi huyo msimwite, jamani. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipopanuliwa, waliishi na alama ya X ukutani kabla tingatinga halijafika, na walichojifunza ni kwamba siku ya fidia kila karatasi usiyokuwa nayo inageuka hoja dhidi yako.

Sasa upande wa pili wa meza. Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, imeifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Kwa sheria hiyo inaandaa mpango kina wa eneo na inaweza kuupitia upya. Mtaa mzima wa barabarani ukishageuka maduka, kuendelea kumkatalia mwombaji mmoja mmoja kwa mchoro ambao hakuna anayeufuata ni kumtoza faini mtiifu. Waitishwe wakazi kwenye mkutano mkuu wa mtaa, barabara zenye fremu zitajwe kwa majina, zitangazwe kuwa za makazi na biashara, na masharti yaandikwe: mtaro usifunikwe, wateja wawe na choo, njia ya waenda kwa miguu isipangwe mitumba. Waliojenga kimya kimya wakaguliwe na walipie urasimishaji. Mitaa ya ndani ibaki makazi, watoto wacheze bila bodaboda ya mzigo kuwapitia mgongoni, na huko ndani halmashauri ikikataa, ikatae kwa wote.

Itagharimu, ndiyo. Wapima na wachora ramani hawalipwi kwa michembe. Lakini asilimia 10 ya kodi za fremu hizo, ada za leseni na ile 1,500 ya LUKU vinakusanywa kila siku kutoka kwenye majengo ambayo kwenye mchoro hayapo.

Madiwani tuliowachagua Oktoba 2025 bado wanapokea simu. Waulizeni tarehe ambayo mchoro mpya wa Ngokolo utabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na kama yule mwalimu mstaafu atatakiwa kulipa ada upya kwa ombi ambalo tayari liko kwenye faili lao.